Sega Genesis kutoka Marekani imekataa kuwaka, hata taa nyekundu hakuna. Msaada wakuu

KijanaWaNtinda

Wakuu habari za jioni. Niko na Sega Genesis, mashine ya gemu za TV, ile modeli ya kwanza nyeusi pana yenye tundu la hedifoni mbele na kile kitu cha kusukuma cha sauti. Shangazi alikuja nayo kutoka Chicago, ilikuwa ya wanawe walipokuwa wadogo, imekuja kamili na chaja yake orijino, pedi mbili, waya wa TV na katriji kadhaa ikiwemo Sonic, yaani mimi hapo nilishaanza kujiona niko Krismasi.

Sasa kabla hata sijafika nyumbani vijana wakashindwa kungoja, wakatafuta kile kiplagi cha kugeuza miguu ya Kimarekani iingie kwenye soketi zetu za miguu mitatu, wakachomeka moja kwa moja ukutani. Wanasema taa iliwaka vizuri tu, halafu chaja ikaanza kunguruma mmmmm, ikapata joto, ikatoa harufu kama plastiki inaungua, kisha kimya. Kuanzia hapo ni maiti. Swichi ukiisukuma hakuna taa, hakuna picha, hakuna chochote, na soketi ni nzima kwa sababu pasi inawaka hapohapo.

Jamaa mmoja wa simu hapa mtaani ameitazama kwa nje bila hata kuifungua akasema bodi imekufa nimuachie atoe spea. Spea za Sega aweke kwenye simu gani sijui. Naomba kujua kama kuna matumaini na nianzie wapi, mita ya kupimia ninayo ile ya kawaida ya njano na kuchoma lehemu najua kidogokidogo.

BodaTech256

Kwanza yaka (umeme wa kulipia kabla) iko? 😂😂

Natania bro. Usisumbuke na mambo mengi, chukua chaja ya ruta yako ya intaneti, kichwa chake ni saizi ileile, 12V, chomeka uone kama itawaka. Mimi nimewasha nayo spika, CCTV, hata redio ya mzee. Hizi mashine za zamani hazichagui.

FundiKatwe

BodaTech ssebo, huyo kijana ana mashine inayoweza kuwa nzima halafu wewe unamtafutia namna ya kuiua rasmi. KijanaWaNtinda usichomeke chaja ya ruta, nakueleza kwa nini.

Soma nyuma ya chaja uliyokuja nayo. Itakuwa imeandikwa ingizo AC 120V 60Hz, na kinachotoka DC 9V 1.2A. Umeme wetu ni 240V 50Hz. Kile kiplagi cha kugeuza miguu kinageuza miguu tu, volti hakigusi, hilo watu wengi wanaoletewa vitu kutoka Marekani hawajui na ndiyo maana kila Januari mezani kwangu nina blenda na mashine za kunyolea zilizoungua. Ndani ya hiyo chaja hakuna ujanja wa chaja ya simu inayokubali 100 mpaka 240, ni transfoma ya chuma na waya wa shaba, nzito mkononi. Ukiipa volti mara mbili, chuma kinashiba sumaku, kinanguruma, waya wa upande wa ukutani unavuta ampea nyingi kuliko uwezo wake mpaka ama fyuzi ndogo ya joto iliyofichwa ndani ya koili inakatika au koili yenyewe inaungua. Harufu uliyoambiwa ni hiyo. Sasa habari njema ni kwamba mara nyingi kinachokufa ni chaja peke yake na mashine inabaki salama, kwa sababu chaja ikishakatika hakuna umeme unaoendelea kwenda.

Lakini tusikisie, pima. Chomoa chaja ukutani, weka mita kwenye omu, gusa miguu miwili ya plagi. Transfoma nzima inakupa namba fulani, makumi au mamia ya omu. Ikikuonyesha kama vile hujagusa kitu, yaani wazi kabisa, hiyo imekwisha, tupa. Usiirudishe ukutani kuihakikisha, ukishafanya hicho kipimo inatosha.

Halafu sasa suala la ruta. Genesis hii ya kwanza inataka hasi KATIKATI ya kichwa cha chaja na chanya nje. Angalia kichoro kidogo kwenye lebo, kuna kiduara na kidoti katikati, fuata mstari wa kidoti uone umeenda kwenye alama ya kutoa. Chaja za ruta, za CCTV, za spika, karibu zote ziko kinyume, chanya katikati. Kichwa kinaingia vizuri kabisa, ndiyo hatari yenyewe, kingekuwa hakiingii ungepona. Ukiwasha hivyo umeupeleka umeme kinyumenyume kwenye bodi, kapasita hazipendi hiyo kitu na inaweza kupasuka.

BodaTech256

Haya mwalimu. Kwa hiyo ya ruta ingewasha nini?

FundiKatwe

Moshi.

Nalongo_Jinja

Naongezea kwa FundiKatwe kwa sababu mimi nakusanya hizi mashine na nimeona zikifa kwa njia za kijinga. Usiangalie "ni ya Sega" ukaridhika, Genesis ya kwanza na ya pili hazichangii chaja. Ya pili ile ndogo ya mraba inatumia 10V 0.85A na kichwa chake ni tofauti chenye ncha ya njano, tena yenyewe chanya ndiyo iko katikati. Na mbaya kuliko zote ni chaja ya Nintendo ile ya kijivu ya NES ya Marekani, hiyo inatoa 9V lakini ni AC, haijageuzwa kuwa DC, kwa sababu NES yenyewe ina daraja la dayodi ndani linalofanya hiyo kazi. Sega haina. Kichwa kinaingia, namba inasoma 9V, mtu anasema ni sawasawa, na hapo mashine inaondoka. Kama shangazi alileta na Nintendo kwenye boksi hilohilo zitenge hizo chaja leo kabla vijana hawajarudi kutoka shule.

Kwa hiyo ukienda dukani soma vitu vitatu, volti 9 na iandikwe DC, ampea 1.2 au zaidi (zaidi haina neno, mashine inavuta inachohitaji tu, pungufu ndiyo tatizo), na hasi katikati. Na bila shaka upande wa ukutani iwe 240V au 100 mpaka 240.

KijanaWaNtinda

Banange asanteni. Nimepima omu kwenye miguu ya plagi, mita haisogei hata kidogo, iko wazi kabisa. Kwa hiyo chaja ndiyo marehemu. Nimezunguka mjini, chaja za 9V zipo, nimepata moja 9V 2A ya 100 mpaka 240, lakini zote ni chanya katikati na kila muuzaji ananiambia "hii inaingia, chukua tu". Niagize ya nje au kuna njia?

FundiKatwe

Usiagize, hiyo uliyoshika inatosha. Kata waya wake katikati, siyo karibu na kichwa, acha nafasi ya kufanyia kazi mkono mmoja upande huu mwingine upande ule. Ndani kuna nyuzi mbili. Unaunganisha kwa msalaba, uliokuwa wa kushoto uende kulia na wa kulia uende kushoto, choma lehemu, kila mmoja uuzibe peke yake kwa mpira wa kubana joto au tepu ya umeme, kisha uzibe zote pamoja. Kusokota tu na kufunga tepu mimi sikubali, ampea moja na kitu inapita hapo kwa masaa vijana wanacheza, panachemka.

Kabla ya kuigusisha na Sega, chomeka ukutani upime. Mita kwenye DC 20V, ncha nyekundu ndani ya tundu la kichwa, nyeusi nje kwenye chuma. Unataka kuona 9 na alama ya kutoa mbele yake. Ukiona 9 bila alama ya kutoa hujageuza bado. Ukimaliza bandika karatasi juu ya chaja andika SEGA TU kwa herufi kubwa, maana sasa hiyo chaja ni adui wa ruta yako.

Na ukiwa na muda, fungua mashine uitazame kwanza. Chini kuna skrubu za kawaida za nyota, siyo kama Super Nintendo ambayo imefungwa kwa skrubu za ajabu mpaka utafute bisibisi yake maalumu au uyeyushe kalamu ya biki uitengenezee mdomo. Ukiondoa kifuniko na ile bati ya kukinga, tazama kapasita kubwa karibu na tundu la umeme, kichwa kikiwa kimevimba au kuna maji ya kahawia chini yake, badilisha. Nasema hivyo kwa sababu kwa zile dakika chaja ilipopewa volti mara mbili, na yenyewe ilikuwa ikitoa mara mbili huku. Soma volti iliyoandikwa ubavuni mwa kapasita, ya kuweka isiwe chini ya hapo.

AruaPixel

Na kabla hajamlaumu mtu kuhusu bodi apime tundu la umeme lenyewe. Hizi mashine zimechomekwa na kuchomolewa miaka zaidi ya thelathini, Genesis Marekani ilitoka 1989, lehemu ya lile tundu inapasuka mduara mwembamba huioni mpaka utege taa pembeni. Dalili yake ukitikisa waya taa inawaka inazima. Unapitisha tu kisolda upya na lehemu mpya kidogo, basi. Na ile swichi ya kusukuma, ndani kuna grisi ya kiwandani imegeuka gundi, yangu ilikuwa inawaka ikijisikia. Dondoshea spirti safi ile ya kusafishia, ambayo haina mafuta wala rangi, isukume mbele nyuma mbele nyuma mara nyingi mashine ikiwa imechomolewa, iache ikauke.

KijanaWaNtinda

Ndugu zangu TAA IMEWAKA!!! Nimegeuza nyuzi, mita ikasoma minasi tisa na kitu, nikachomeka, nikasukuma swichi, nyekundu hiyoooo. Vijana wamepiga kelele mpaka majirani wakauliza ni goli la Cranes.

Lakini furaha imekatika haraka, TV ni nyeusi. Nimejaribu katriji zote, hakuna sauti wala picha, nyeusi tupu. Kapasita haijavimba nimeangalia. Kwa hiyo yule jamaa wa simu alikuwa sahihi kwamba bodi imekufa?

FundiKatwe

Yule hakuifungua, alikuwa anapiga ramli.

Sikiliza. Kwenye hiyo modeli ya kwanza utaona vipande viwili vyeusi vya miguu mitatu vimefungwa kwa skrubu kwenye bati nene la alumini. Hizo ni regyuleta za 7805, kazi yake kuchukua zile 9V na kuzishusha ziwe 5V ambazo chipu zinakula. Ziko mbili kwa sababu mzigo umegawanywa, kila moja inalisha upande wake wa bodi. Kwa hiyo taa kuwaka inakuthibitishia upande mmoja tu, mwingine unaweza kuwa umelala na ukapata hichohicho unachokiona, taa nzuri na skrini nyeusi.

Pima ikiwa imewashwa. Ncha nyeusi ya mita iweke kwenye lile bati la alumini, hiyo ni ardhi. Ukiitazama 7805 maandishi yakiwa upande wako, mguu wa kushoto ni kuingia, wa kati ardhi, wa kulia kutoka. Kushoto utaona 9 au zaidi, kulia lazima 5, kati ya 4.8 na 5.2 nakubali. Fanya kwa zote mbili, na angalia ncha isiteleze ikaunganisha miguu miwili, hapo ndipo watu wanaharibu kilichokuwa kizima.

KijanaWaNtinda

Ya kwanza: kuingia 9.3, kutoka 5.02. Ya pili: kuingia 9.3, kutoka 1.1 na inacheza cheza. Ni hiyo eti?

FundiKatwe

Karibu ni hiyo, lakini swali moja kabla hujanunua. Inawezekana regyuleta ni nzima ila kuna kitu mbele yake kinavuta kila kinachotoka, yenyewe ikipata joto sana inajizima kujilinda. Zima, chomoa, weka mita kwenye omu, pima kati ya mguu wa kulia na ardhi. Ikiwa karibu sifuri kabisa kuna shoti kwenye bodi na hapo kazi inakuwa kubwa. Ikiwa na omu za kutosha, badilisha regyuleta.

Duka lolote la spea za redio na TV wanayo, sema tu "7805 ya ampea moja na nusu", umbo ni lile la TO-220, bei yake hata rolex, ile chapati ya kukunjwa na mayai mawili, inaizidi. Nunua mbili, badilisha zote maana umri ni mmoja. Unapoitoa usivute kwa nguvu, kata miguu kwanza kisha utoe kimoja kimoja, zile njia za shaba kwenye bodi ya zamani zinabanduka kama ngozi ya nyanya. Paka grisi ya joto nyeupe kati yake na bati kabla ya kukaza skrubu. Usiogope bati likiwa moto baadaye, regyuleta hii inageuza volti za ziada kuwa joto, 9 toa 5 ni 4, mara ampea moja ni wati 4 zinaishia kwenye alumini, ndiyo maana na chaja ya 12V hata ukiigeuza nyuzi sipendi, hapo ni wati 7 kwa kazi ileile.

KijanaWaNtinda

Omu zilikuwa za kutosha, hakuna shoti. Nimebadilisha zote mbili, sasa 5.01 na 5.00. Na picha IMEKUJA, Sonic anatikisa kidole kwenye skrini. Webale nnyo mzee FundiKatwe, ukipita Ntinda soda ni yangu.

Tatizo dogo tu. Kwenye flatskrini ya sebuleni rangi zote ziko sawa lakini kwenye ile TV ya kichogo ya chumba cha vijana ni nyeusi na nyeupe kama habari za zamani. Na nikitumia ule waya wa antena kwa hiyo TV hata picha haishiki vizuri. Nimeharibu kitu?

Nalongo_Jinja

Hujaharibu. Mashine ya Marekani inatoa rangi kwa mfumo wa NTSC na picha 60 kwa sekunde, TV za zamani zilizouzwa huku kwetu zilitengenezwa kwa PAL na 50. Kichogo chako kinaielewa picha ila rangi hakijui kuisoma kwa hiyo kinaiacha. Ingia kwenye menyu kama ina sehemu ya mfumo wa rangi, baadhi zina chaguo la NTSC au la kujitafutia, vichogo vya miaka ya mwisho mwisho vingi vinayo. Isipokuwa nayo basi acha Sega sebuleni. Waya wa antena usahau kabisa, unarusha kwenye chaneli 3 au 4 za Kimarekani ambazo zimepangwa tofauti na za kwetu, sauti na picha hazitakutana. Tumia AV ya njano.

Na faida ya 60 utaiona, gemu zinakwenda kwa kasi iliyokusudiwa. Zile Mega Drive za Ulaya (ndilo jina la Genesis huko) tulizokuwa tukiziona, nyingi zilikuwa polepole na zina mikanda myeusi juu na chini, watu wamekua wakidhani Sonic anakimbia hivyo.

Sauti pia, hapo nyuma kwenye lile tundu la AV modeli yako inatoa upande mmoja tu. Stirio iko kwenye tundu la hedifoni la mbele, peleka waya kutoka hapo mpaka kwenye spika na ile sukumio ya sauti iache karibu juu kabisa. Ikikwaruza ukiisogeza, spirti ileile ya AruaPixel.

AruaPixel

Mimi nina swali kwa FundiKatwe kabla uzi haujapoa. Huku umeme ukikatika unakatika kweli, nina betri ya sola ya 12V. Naweza kuendesha Sega ya kwanza kutoka hapo bila inveta? Kugeuza 12 kuwa 240 halafu kurudisha 9 naona ni upuuzi.

FundiKatwe

Ni upuuzi kweli. Nunua kibodi kidogo cha kushusha volti chenye chipu ya LM2596, kina skrubu ndogo ya kuzungushia. Unganisha na betri, pima kinachotoka, zungusha mpaka mita isome 9, ndipo ufunge kichwa, hasi katikati usisahau. Chipu hiyo imeandikwa ampea 3, wewe unahitaji 1.2, kwa hiyo haitachoka. Weka fyuzi ya ampea 2 kwenye waya wa chanya karibu kabisa na betri, siyo karibu na Sega, maana waya ukishotiana njiani betri ya sola haina huruma inaweza kuchoma nyumba. Na betri inapochajiwa mchana inapanda mpaka 14 na zaidi, hicho kibodi kitabaki kwenye 9 yako hakitikisiki.

KijanaWaNtinda

La mwisho wakuu nisiwachoshe. Katriji moja ya mpira ina sehemu ya kuhifadhi ligi lakini ukizima tu kila kitu kinafutika. Ni mashine au katriji?

Nalongo_Jinja

Katriji. Ndani yake kuna betri ya kidonge, aghalabu CR2032, ndiyo inayoshika kumbukumbu mashine ikiwa imezimwa, na ya miaka hiyo lazima imeshakufa. Imechomewa na vibati vyake, kwa hiyo nunua yenye miguu tayari, usibandike kwa tepu itacheza na utapoteza ligi katikati. Chanya na hasi zimeandikwa kwenye bodi. Na skrubu za katriji ndizo zile za ajabu, hapo sasa tafuta ile kalamu ya biki.